Marehemu Shekue na Jibu la Waziri

Nchi yetu ni nzuri sana. Jina lake sitalitaja, na wala msidhani naogopa. Jina la nchi ni swali la daraja la tatu, na cheti changu mimi ni cha daraja la pili. Nikilitaja kabla ya wakati nitaonekana nimeibia mtihani, na mimi ni mjumbe wa nyumba kumi, mtu mzima na heshima zangu, sitaki maneno.

Kwetu kila mwananchi anaijua sanaa. Nimesema anaijua, sikusema anaifanya. Zamani tulikuwa na jumba la sinema. Sasa ni ghala la mbolea, na ukipita pale wakati wa joto hutahitaji kuambiwa. Tulikuwa na ukumbi wa maigizo. Sasa ni mesi ya askari wa kutuliza ghasia. Shule ya muziki ilifungwa kwa sababu ya kelele. Serikali ikakaa, ikafikiri, ikaona kwamba sanaa yenyewe ina gharama: inataka rangi, inataka vyombo, na wasanii nao wanataka kula. Lakini kuijua sanaa ni bure. Ndipo ikaundwa Wizara ya Chemsha Bongo, na tangu hapo tumepiga hatua ambazo majirani zetu wanazionea wivu, ingawa hawasemi.

Nenda shule yoyote ya kwetu. Muulize mtoto wa darasa la kwanza bluu na manjano zikichanganywa zinatoa rangi gani, atakwambia kijani kabla hujafunga mdomo. Rangi zenyewe hajawahi kuzishika, na penseli anaazima kwa mwenzake, lakini jibu analo. Muulize piano ina vibonyezo vingapi, atakutajia themanini na vinane bila kupepesa macho. Piano nchi hii ipo moja tu, iko Ikulu, na juu yake huwekwa vyungu vya maua.

Na huduma zote sasa zinatolewa kwa maswali, ili kuondoa upendeleo. Mke wangu alipopelekwa kujifungua kitinda mimba wetu, muuguzi wa mapokezi alimuuliza fidla ina nyuzi ngapi. Akasema nne, akapewa kitanda. Mwenzake aliyekuwa nyuma yake, maskini, alisema tatu, akajifungulia kwenye benchi. Mtoto yule anaitwa Fidla mpaka leo, na ana afya njema, kwa hiyo hakuna aliyeonewa.

*

Haya, niwaeleze utaratibu, maana wageni huwa hauwaingii akilini.

Kila Ijumaa jioni Televisheni ya Taifa hurusha Chemsha Bongo ya Taifa. Mtangazaji ni Dada Yustina, na mbele yake pamewekwa kengele ya shaba. Akijibu mwananchi wa kawaida, Dada Yustina hutazama kwanza karatasi yake, halafu hupiga kengele au huiacha. Akijibu mkubwa, kengele hupigwa kwanza. Kutazama karatasi baada ya mkubwa kusema ni utovu wa adabu, sawa na kumhesabia mgeni vipande vya nyama. Kengele ikishalia, jibu limepita. Kama mambo yalivyo hayafanani na jibu, basi mambo yenyewe yanapelekwa Idara ya Kulinganisha, yakarekebishwe.

Mshiriki wetu mkubwa siku zote alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Zuberi Mkadamu. Huyo bwana alikuwa hajibu swali kwa kubabaika. Aliwahi kuulizwa gitaa la kawaida lina nyuzi ngapi, akasema saba. Kengele ikalia. Kesho yake maofisa wa Kulinganisha walizunguka baa zote wakiongeza uzi wa saba kwenye kila gitaa. Nyuzi za kweli hazikuwepo madukani, wakatumia mshipi wa kuvulia samaki. Wapiga gitaa walinung'unika kidogo, kisha wakazoea kuukwepa uzi ule kama mtu anavyomkwepa mkwewe njiani.

Mara nyingine aliulizwa nyekundu na nyeupe zikichanganywa zinatoa nini. Akasema zinatoa rangi ya machungwa. Basi rangi ya waridi ikawa haipo tena nchini, na wenye nguo za waridi wakapewa muda wa kuzisalimisha. Za mtaa wangu nilizikusanya mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Shangazi yangu alikuwa na gauni la harusi ya mwanawe, na tangu siku niliyolichukua hakunisemesha.

*

Sasa jirani yangu. Ukuta kwa ukuta naishi na Shekue Mbaruku, mpiga tarumbeta. Zamani, kabla dansi halijaisha nchini, Shekue alitunga wimbo uitwao "Ukija Njoo na Mwavuli". Wimbo ule kila mtu aliucheza, hata hawa wakubwa wanaojifanya hawajui kucheza. Madansi yalipofungwa akageuka fundi bomba, na tarumbeta akaitundika ukutani, akawa anaipangusa vumbi siku za sikukuu.

Shekue na mkewe, Bi Kidawa, wana mtoto mmoja tu, Siwatu, na Siwatu alikuwa amechumbiwa na Hamdu, fundi friji wa mtaa wa pili. Shekue mwenyewe kazaliwa peke yake: hana kaka, hana baba mdogo, hana binamu wa upande wa baba. Mtu wa hivyo huwa na hamu moja duniani, na yake aliisema kwa kila aliyemsikiliza, kwamba binti yake atamwozesha yeye, kwa mkono wake na kwa ulimi wake. Koti la kuvaa siku hiyo alishashona. Alikuwa akinionyesha kila nikipita, nami nalisifia upya kila mara, maana ujirani ndio huo.

Ijumaa moja tumekaa sebuleni kwangu, kwa sababu televisheni ni yangu: mimi, Shekue, Bi Kidawa, na bakuli la njugu. Mheshimiwa Waziri alikuwa jukwaani. Dada Yustina akamuuliza mpiga tarumbeta mashuhuri Shekue Mbaruku, mtunzi wa "Ukija Njoo na Mwavuli", anaishi mji gani. Jamani, tulishangilia. Shekue alikaa wima akafunga vifungo vya shati, kama vile wale wa kwenye televisheni wangemwona.

Waziri akainamisha kichwa. Aliinamisha kwa huzuni ya kweli.

"Mzee wetu yule," akasema, "alishatangulia mbele ya haki. Tulimzika kwa heshima zote."

Kengele ikalia.

Msimlaumu Waziri. Yeye alisikia neno "mashuhuri", na kwetu msanii huwa mashuhuri akishazikwa. Akiwa hai huitwa "wale vijana wa muziki", hata kama ana wajukuu na meno yamekwisha. Mtu yeyote mwenye uzoefu wa serikali angejibu vile vile. Lakini sebuleni kwangu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyafikiria hayo. Shekue aliacha kutafuna. Bi Kidawa akamtazama mumewe, akatazama televisheni, akamtazama tena mumewe. Shekue akasema labda ni Shekue mwingine.

*

Asubuhi yake wakaja watu wa Kulinganisha. Walikuja kwa adabu, siwezi kuwasingizia. Walimpa pole Bi Kidawa, kisha wakamwomba Shekue asogee kidogo mlangoni wapitishe jeneza. Kwa kuwa Waziri alisema "tulimzika", mazishi yalikuwa yameshafanyika, kwa hiyo ilibidi yafanyike upesi ili yawe yameshafanyika.

Ndani ya jeneza waliweka tarumbeta, maana maiti yenyewe haikuonyesha ushirikiano. Shekue alilalamika kwamba tarumbeta ni yake. Ofisa akamweleza kwa upole kwamba ndiyo sababu inazikwa.

Mazishi yalifana. Mizinga ilipigwa, na Waziri alihutubia akilia. Alisema taifa limepotewa na pumzi yake, kwamba marehemu hakupuliza tarumbeta bali aliipulizia nchi nzima uhai, na kwamba Wizara ilikuwa naye bega kwa bega mpaka dakika ya mwisho. Shekue alikuwa kasimama kando yangu kwenye jua. Aliniuliza ni dakika ipi hiyo. Nikamwambia anyamaze, watu wanamlilia. Ilipofika zamu yetu alitupia udongo kaburini kama wengine, kwa kuwa kamera zilikuwa zinatuangalia.

Na hapo ndipo alipoanza kupendwa. Redio ya Taifa, ambayo haikuwahi kupiga wimbo wake tangu madansi yafungwe, ikawa inaupiga asubuhi, mchana na wakati wa taarifa ya hali ya hewa. Barabara yetu ya mashimo ikapakwa lami, ikaitwa Barabara ya Marehemu Shekue Mbaruku. Sanamu lake likasimamishwa mbele ya ghala la mbolea. Watoto wa shule wakakaririshwa tarehe ya kifo chake. Niseme kweli, mwanzoni Shekue mwenyewe aliona raha. Alikuwa anakuja barazani kwangu, anasikiliza redio ikimwita fahari ya taifa, anatikisa mguu. Akasema kama angejua mambo yenyewe ndiyo haya, angekufa zamani.

Aliyepata tabu ni Bi Kidawa. Aliwekwa eda, na mama mmoja wa Idara akaletwa kumlinda mlangoni. Shekue alipotaka kuingia chumbani akaambiwa mjane hakai faragha na mwanamume. Akasema yeye ndiye mume. Mama yule akamjibu kwamba ndiyo maana huyu ni mjane. Shekue akahamia jikoni, akawa analala karibu na mtungi.

*

Raha iliisha siku wazazi wa Hamdu walipokuja kupanga tarehe ya ndoa.

Tulimwita kadhi wa mtaa. Kadhi huyu na Shekue wamecheza karata pamoja tangu ujana wao, na hakuna mkono wa Shekue asioujua. Lakini siku hiyo alikaa kwenye ncha ya mkeka kama mgeni. Akasema msichana ni yatima, hana ndugu wa kiumeni, kwa hiyo uwalii wake, yaani haki ya kumwozesha, umekwenda serikalini, na kwa watoto wa wasanii waliotangulia, serikali ni Waziri. Shekue akamsogelea mpaka magoti yakagusana, akamuuliza kama hamwoni.

"Nakuona, Shekue. Wallahi nakuona," kadhi akasema. "Lakini mshahara wangu haukuoni."

Waziri alipopelekewa habari hakuchelewa kutoa uamuzi. Alisema binti wa shujaa kama yule ni urithi wa taifa, haiwezekani akabidhiwe kwa fundi friji. Tena Hamdu alishaanguka daraja la kwanza: aliulizwa kiongozi wa okestra hushika nini mkononi, akasema bisibisi. Kwa hiyo Siwatu ataolewa na bingwa wa Chemsha Bongo ya Taifa. Bingwa wa Chemsha Bongo ya Taifa alikuwa Nasoro, mpwa wake Waziri, kijana ambaye maswali yake yote huulizwa na mjomba wake. Ndoa ingefungwa Siku ya Uhuru, katika ukumbi wa Chemsha Bongo, moja kwa moja hewani, baada ya maswali na kabla ya ngoma.

Mimi nilipeleka taarifa hiyo, kwa kuwa ni kazi yangu. Nilimkuta Shekue jikoni na redio yake, inapiga "Ukija Njoo na Mwavuli". Siwatu alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha hakunisemesha mimi, akamgeukia baba yake.

"Baba, mimi siozeshwi na mtu aliyekuzika wewe," akasema. "Kama siku hiyo wewe hupo, na mimi hesabu sipo. Watanitafuta na hawatanipata."

Akatoka. Shekue akaifunga redio, wimbo wake mwenyewe ukakatika katikati. Halafu akalia, mtu mzima yule, kaweka koti la harusi mapajani. Iliniuma. Sikuwa na maelekezo yoyote kutoka juu kuhusu jambo hilo, lakini iliniuma.

*

Kesho yake nilimsindikiza Idara ya Kulinganisha. Mkuu wa Idara, Bwana Mselemu, ni mtu mpole ambaye hajawahi kumkatalia mtu chochote. Humweleza tu kwa nini haiwezekani. Alitukaribisha chai, kikombe kimoja kwa ajili yangu. Akatueleza kwamba jibu la mkubwa hufutwa na jibu la mkubwa kuliko yeye, basi. Na juu ya Waziri yupo mmoja tu, Mlezi Mkuu wa Nchi. Kwa bahati mbaya Mlezi Mkuu hajibu maswali. Huulizwa swali moja kila mwaka, Siku ya Uhuru, kama anafurahi, naye hutikisa kichwa.

Shekue akauliza kama marehemu anaruhusiwa kukata rufaa. Bwana Mselemu akasema anaruhusiwa sana, dirisha la marehemu lipo, linafunguliwa kila siku na lina mtumishi wake, ila hakuna aliyewahi kupanga foleni. Rufaa husikilizwa wakitimia watu wa kutosha. Shekue alikwenda akachungulia. Mtumishi alikuwa anafuma kitambaa cha meza.

Tulipokuwa tunaaga, Bwana Mselemu alimpa mkono akamwambia asijisikie vibaya, maana Wizara inamkumbuka. Siku ya Uhuru ukumbini mstari wa mbele kabisa ni wa wasanii waliotangulia. Kila mmoja ana kiti chenye jina lake na shada la maua juu yake, nao huachwa wazi kwa heshima. Cha Shekue kiko katikati, kinatazamana na kiti cha Mlezi Mkuu.

Shekue akanitazama. Mimi nikatazama dari, maana sikutaka baadaye iulizwe nani alipanga.

*

Siku ya Uhuru ikafika. Mlangoni palikuwa na askari wakali. Kila mwananchi anaonyesha cheti na kujibu swali. Mimi niliulizwa igizo lisilo na maneno linaitwaje, nikasema igizo bubu, nikapita na jasho. Shekue alikuwa nyuma yangu ndani ya koti lake jipya. Askari akamkazia macho, akamtambua kutokana na sanamu. Nilimwona anahangaika moyoni. Mwishowe akasema maelekezo aliyopewa yanawahusu walio hai, akampigia saluti, akampisha.

Shekue akateremka mpaka mstari wa mbele, akatafuta jina lake, akaliondoa shada, akakaa. Shada akalipakata. Kulia kwake viti vitupu, kushoto kwake viti vitupu. Watu wa nyuma walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakasema safari hii Wizara imejitahidi.

Jukwaani Siwatu alikuwa kakalishwa pembeni ya Nasoro, kapambwa, macho mekundu. Alipomwona baba yake alishika kiti kwa mikono yote miwili. Waziri alikuwa hajatazama chini bado. Alikuwa anarekebisha kipaza sauti. Hamdu naye alikuwemo ukumbini, kule nyuma, kwa sababu friji la soda za wageni lilikuwa limeharibika asubuhi hiyo na hakuna bingwa wa Chemsha Bongo aliyejua la kufanya.

Mlezi Mkuu akaingia taratibu, mzee sana, akakaa. Dada Yustina akafungua hafla, akawakaribisha wote walio hai na waliotangulia, akamgeukia amuulize swali lake la mwaka. Lakini Mlezi Mkuu alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anatazama mstari wa mbele, kakunja uso kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akafungua mdomo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Siku ya Uhuru.

"Yule si Shekue wa tarumbeta?"

Bwana Mselemu, aliyekuwa kakaa karibu nami, alishika kichwa. Alininong'oneza kwamba hilo lina umbo la swali, haliwezi kuandikwa kuwa jibu, na swali la Mlezi Mkuu lazima lijibiwe na aliye mkubwa kuliko wote jukwaani. Macho yote yakamwendea Waziri.

Waziri ndipo alipotazama chini. Rangi ilimtoka, lakini cheo hakikumtoka.

"Ndiye, Mtukufu," akasema. "Ila ni marehemu."

"Mbona anajipepea?"

Na kweli, Shekue alikuwa anajipepea na utepe wa shada lake.

"Ni joto, Mtukufu."

Mlezi Mkuu akatikisa kichwa polepole. Akasema ujana wake aliucheza kwa wimbo wa huyu bwana, na mkewe marehemu alimpata kwenye dansi lake, mvua inanyesha. Akasema siku alipoletewa habari za msiba alijifungia chumbani akalia peke yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na tulimwonea huruma, ingawa kumwonea huruma Mlezi Mkuu hakuruhusiwi. Kisha sauti ikabadilika.

"Nani aliyesema Shekue amekufa?"

Jiwekeni mahali pa Waziri. Akisema "ni mimi", kamliza Mlezi Mkuu bure. Akimtaja Dada Yustina, nchi nzima ilimwona yeye mwenyewe akisema. Akinyamaza, swali la Mlezi Mkuu limekosa jibu, na hilo halijawahi kutokea tangu nchi iundwe. Alijipangusa uso kwa leso. Nikaona kile kitabasamu chake cha Ijumaa kinarudi, cha mtu asiyebabaika. Akainamisha kichwa kwa huzuni ya kweli.

"Aliyesema hivyo, Mtukufu, naye alishatangulia mbele ya haki."

Na mkono wa Dada Yustina, kwa mazoea tu, masikini dada wa watu, ukapiga kengele.

*

Dada Yustina aliutazama mkono wake kama si wake. Waziri naye alibaki na tabasamu lile lile, halijui liende wapi. Bwana Mselemu akashusha pumzi, akasimama, akafunga koti, akapanda jukwaani na maofisa wake wawili. Walimpa Waziri pole kwa msiba wake. Kisha wakamwomba asogee kidogo wapitishe jeneza.

Waziri alijaribu kueleza kwamba alikuwa anatafuta njia ya kutoka, kwamba hakumaanisha, kwamba aulizwe tena. Bwana Mselemu alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwa nini haiwezekani. Mlezi Mkuu akaulizwa kama anafurahi, akatikisa kichwa, ngoma ikapigwa. Ndoa ya Nasoro haikufungwa, maana marehemu hawezi kuwa walii wa mtu.

Mazishi ya Waziri yalifana kuliko ya Shekue. Jenezani iliwekwa miwani yake. Redio ya Taifa ikaanza kupiga hotuba zake zikiwa na ngoma kwa nyuma, asubuhi, mchana na wakati wa taarifa ya hali ya hewa, na ikagundulika kwamba kumbe alikuwa msanii mkubwa wa maneno. Nilimwona juzi sokoni ananunua nyanya. Hakuna aliyemsalimia, kwa sababu hatujui marehemu wa cheo kile anasalimiwaje.

Jibu la marehemu halina cheo, kwa hiyo majibu yake yote yalifutwa, isipokuwa lile la mwisho, maana bila hilo mengine yasingefutika. Mshipi wa samaki ukatolewa kwenye magitaa. Waridi ikarudi. Shangazi yangu alinisemesha kwa mara ya kwanza, akauliza gauni lake liko wapi, na hilo ni suala ambalo bado tunalishughulikia.

Kuhusu Shekue, Bwana Mselemu alikuja mwenyewe kumweleza. Jibu limefutwa lakini swali limebaki: Shekue Mbaruku anaishi mji gani? Mpaka sasa hakuna mkubwa aliyelijibu. Kwa hiyo Shekue yupo hai kwa muda, na anaombwa asisafiri. Mchana huo huo redio iliacha kupiga wimbo wake. Kibao cha barabara kiling'olewa, sanamu likaingizwa ndani ya ghala la mbolea, watoto wakaambiwa waisahau ile tarehe. Tarumbeta ilifukuliwa ikarudishwa na udongo wake ndani. Bi Kidawa alitoka eda, na kitu cha kwanza alichomwambia mumewe ni kwamba bomba la uani linavuja na kuna fundi ndani ya nyumba.

Ndoa tuliifunga upesi, Ijumaa iliyofuata, sebuleni kwangu, kabla ya saa ya Chemsha Bongo. Hamdu alikuja amenawa mikono mpaka viwiko. Siwatu alikuwa chumba cha pili na mama yake, mlango wazi kidogo ili asikie. Kadhi alikaa katikati ya mkeka safari hii, akafungua kitabu, na kama ulivyo utaratibu akauliza kwa sauti kama walii wa binti yupo.

Shekue alisimama ndani ya koti lake. Alifunga vifungo vyote kwanza.

"Nipo."

Kutoka chumba cha pili tulimsikia Siwatu analia. Kisha sote, mimi, Hamdu, wazazi wake, na kadhi mwenyewe na kitabu chake mkononi, tukageuka kuutazama mlango wa nje, kama kuna mkubwa yeyote anaingia na jibu jingine.